Spika Ndogo za Sebuleni: Zimetoka Wapi, na Ziwekwe Wapi Mtoto Akiwepo

SEHEMU YA 1: MASIKIO MAWILI

Wiki iliyopita tulimaliza usingizi wa mtoto. Wiki hii tunahamia sebuleni, maana kuna swali linaingia inboksi kila mara: "Nesi, baba watoto kaleta sabufa yenye spika ndogo tano. Mbili anataka ziwe nyuma ya kochi. Mtoto ana miezi minne na mchana analala hapo hapo kochini. Ni sawa?"

Jibu fupi ni hapana, zisikae nyuma ya kochi usawa wa kichwa cha mtoto. Lakini nikiishia hapo baba watoto atasema huyu nesi anajua sindano, mambo ya muziki hayajui. Kwa hiyo leo nakupa historia yenyewe ya hizo spika. Ukiielewa, mtakaa wawili mkapanga sebule bila ugomvi.

Tuanze na mwaka 1881, mjini Paris, Ufaransa. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya umeme. Fundi mmoja, Clément Ader, alipanga vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la ukumbi wa opera, vingine kushoto, vingine kulia. Nyaya zikapelekwa hadi kwenye jengo la maonyesho, kama kilomita 2 kutoka pale. Watu walipanga foleni, kila mmoja akishika vipokezi viwili, kimoja sikio hili, kingine sikio lile. Wakashangaa kusikia mwimbaji "anatembea" kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda mwingine, wakati wao wamesimama chumba kingine kabisa.

Kwa nini? Mwaka 1907 mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, alitoa maelezo ambayo mpaka leo yanafundishwa. Sauti ikitokea kulia, inafika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaikamata. Pili, kichwa chako kinaziba njia, kwa hiyo sauti nyembamba inafika sikio la pili ikiwa imepungua nguvu. Ubongo unatumia vitu hivi viwili, muda na nguvu, kujua mlio umetoka wapi.

Mama, hapa ndipo pa kushika. Sayansi yote ya kupanga spika inaanzia kwenye kichwa cha anayesikiliza: kiko wapi, na masikio yake yako umbali gani kutoka kwenye spika. Ukuta unaopendeza au waya unaofika unakuja baadaye. Nyumba yenye mtoto ina vichwa vya kila kimo.

SEHEMU YA 2: WAWILI WALIOENDA SINEMA

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 filamu zenye sauti zilikuwa bado mpya. Sauti yote ilitoka kwenye spika upande mmoja. Mwigizaji akitembea kushoto, sauti yake inabaki kulia.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1931 injinia kijana wa Uingereza, Alan Blumlein, alikuwa sinema London na Doreen, aliyekuja kuwa mkewe baadaye, na jambo hilo likamkera. Akamwambia Doreen kwamba anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu kwenye skrini. Desemba mwaka huohuo akaomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, na ndani yake akaeleza jinsi spika mbili zinavyoweza kumdanganya msikilizaji aone kama sauti inatoka mahali fulani katikati yake. Hiyo ndiyo leo tunaiita sterio. Blumlein hakuishi kuona dunia ikiitumia. Alikufa mwaka 1942 kwenye ajali ya ndege, wakati wa vita, akijaribu mitambo ya rada. Alikuwa na miaka 38.

Marekani nako walikuwa kazini. Aprili 1933, maabara ya Bell ilichukua muziki wa okestra iliyokuwa inapiga Philadelphia na kuutoa moja kwa moja kwenye ukumbi wa Washington. Hawakutumia spika mbili, walitumia tatu: kushoto, katikati na kulia. Kwa nini ya katikati? Kwa sababu spika mbili zinamfaa vizuri yule aliyekaa katikati kabisa. Aliyekaa pembeni anaisikia ya upande wake tu, na ile sauti iliyotakiwa ionekane iko katikati inamkimbilia upande wake. Ukumbi una watu mamia, wote hawawezi kukaa kiti kimoja.

Kumbuka hilo la spika ya katikati. Kwenye seti yako ya nyumbani ni ile inayolala chini ya TV, na watu wengi huitupa popote kwa sababu inaonekana haina kazi. Kumbe ndiyo inayobeba maneno ya waigizaji.

Mwaka 1940 Walt Disney akatoa filamu ya Fantasia na mfumo wake maalumu wa sauti. Mara ya kwanza watazamaji wa filamu ya kibiashara wakasikia muziki ukizunguka ukumbini. Lakini mitambo ilikuwa ghali mno, vita navyo vilikuwa vinapamba moto, ikafungwa kumbi chache tu. Mwaka 1953 filamu ya The Robe ikaja na njia nne za sauti: tatu nyuma ya skrini, na ya nne kwa spika zilizotawanywa ukumbini kuzunguka watazamaji.

Angalia mpangilio wa ile ya nne. Spika zake zilikuwa nyingi, zikasambazwa kwenye kuta, ili pasiwe na mtu mmoja anayepigiwa sikioni. Sauti ya kuzunguka ilikusudiwa ikuzunguke kama hewa. Jambo hili lilipotea njiani spika zilipohamia majumbani.

SEHEMU YA 3: SPIKA ZINAHAMIA NYUMBANI

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni ya muziki yalikuja na wazo: spika nne, kila kona ya chumba moja. Waliuza redio kubwa na sahani za santuri za aina hiyo. Ikaanguka vibaya, na miaka ya 1970 ilipoelekea mwisho ilikuwa karibu imekufa.

Sababu zilikuwa kadhaa. Makampuni hayakukubaliana, kila moja na mfumo wake, santuri ya huyu haikupiga vizuri kwenye mashine ya yule. Lakini pia chumba chenyewe kilikataa. Ukiweka spika kwenye kona nne na mtu katikati, zile mbili za mbele zinaachana sana, katikati panabaki pengo. Za nyuma nazo zinakuwa mgongoni kabisa. Halafu ni nani ana sebule ambayo viti vyote viko katikati ya chumba? Kwetu kochi limeegemea ukuta, meza iko katikati, na mtoto yuko kwenye zulia.

Wakati huohuo sinema ziliendelea. Kampuni ya Ray Dolby ilipata njia ya kubana sauti nne ndani ya nafasi ya mbili kwenye filamu ya kawaida, na Star Wars ya mwaka 1977 ikaifanya maarufu. Mwaka 1979, kwenye Apocalypse Now, sauti za nyuma ziligawanywa kushoto na kulia, helikopta ikawa inamzunguka mtazamaji. Mwaka 1982 Dolby wakaleta mfumo huo majumbani kwa watu wenye video, na mwaka 1987 wakaja na toleo lililoongeza spika ya katikati.

Hapa kuna kitu kizuri sana mama, naomba usikiruke. Katika mfumo ule wa nyumbani, maneno ya waigizaji yalikuwa yanavuja kidogo kwenda spika za nyuma. Kwa hiyo mafundi wakaichelewesha makusudi sauti ya nyuma, kama sehemu 20 za elfu za sekunde. Kwa nini? Kwa sababu ya jambo ambalo Helmut Haas alilichunguza kule Göttingen, Ujerumani, na kuliandika mwaka 1949. Sauti ileile ikikufikia kutoka sehemu mbili, ubongo unaamua imetoka kule ilikotangulia kufika, hata kama ya pili ina nguvu zaidi kidogo.

Sasa peleka hilo sebuleni kwako. Seti nyingi za bei nafuu, ukiunganisha simu, mara nyingi spika zote zinatoa sauti ileile. Spika ya nyuma ikiwa nusu mita kutoka kichwani, na ya mbele ikiwa mita tatu, ya nyuma inatangulia kufika na tena ina nguvu zaidi. Aliyekaa pale anahisi kila kitu kinatoka kisogoni. Maneno ya mbele hayasikii vizuri. Anafanya nini? Anachukua rimoti, anaongeza sauti.

Na huo ndio mwanzo wa tatizo langu mimi kama nesi. Spika ikikaa vibaya, kwanza filamu inaharibika, halafu watu wazima wanaongeza sauti ili kufidia. Anayelipia ni yule aliye karibu zaidi na spika, na mara nyingi ni mtoto, maana yeye hachagui pa kukaa. Analazwa.

Tumalizie hizi spika ndogo zenyewe. Zamani spika nzuri ilikuwa kasha kubwa kama kabati. Mwaka 1987 kampuni ya Bose, ya profesa Amar Bose, ilitoa seti ambayo ilisaidia sana kueneza mtindo tulionao leo: visanduku vidogo vya kuweka popote, na boksi moja la besi la kuficha pembeni. Wanaviita spika za satelaiti. Linawezekana kwa sababu masikio yetu hayajui vizuri besi nzito inatoka wapi. Wimbi la besi ya hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, linazunguka kichwa kama vile hakipo. Zile sauti nyembamba ndizo zinazotaja upande, na hizo kisanduku kidogo kinaziweza.

Udogo ule ndio uliozifanya zipelekwe popote: juu ya mto wa kochi, kwenye stuli karibu na mtoto, pembeni ya kitanda. Spika kubwa kama kabati usingeweza kuiweka kichwani pa mtoto. Ndogo inawekwa bila mtu kufikiria.

SEHEMU YA 4: DUARA, NA MTOTO ALIYE NJE YA DUARA

Mwaka 1992 kamati ya redio ya ITU, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ilitoa mwongozo ambao mafundi wanaufuata mpaka leo. Chora duara, msikilizaji awe katikati. Spika ya katikati iwe mbele yake. Za kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kila upande. Za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120. Zote ziwe umbali sawa kutoka kwake.

Usiogope hizo nyuzi. Kaa kochini ukitazama TV, nyosha mikono yote miwili pembeni kama ndege. Hapo ni nyuzi 90. Sasa irudishe nyuma kidogo tu. Vidole vyako vinapoelekea ndipo "spika za nyuma" zinapotakiwa kuwa. Kumbe ni za pembeni! Nyuma ya kochi hapamo kabisa kwenye mwongozo huo. Mwonyeshe baba watoto hapa.

Lakini duara lile lina kichwa kimoja katikati. Wewe una vichwa vitatu, vinne. Aliye nje ya katikati yuko karibu na spika moja kuliko wengine, na ukaribu una hesabu yake. Spika ndogo, kila ukipunguza umbali nusu, sauti inapanda kama desibeli 6. Kwa mfano:

Mita 2 kutoka kwenye spika: desibeli 75.
Mita 1: desibeli 81.
Nusu mita: desibeli 87.

Rimoti haijaguswa, ni umbali tu uliobadilika.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na ITU hiyohiyo iliyochora duara, walitangaza kiwango cha kusikiliza kwa usalama. Kiliandikwa kwa ajili ya simu na vifaa vya kusikilizia muziki, lakini sikio ni lilelile. Mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto: desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unakatwa nusu.

Piga hesabu nami. Wewe uko mita 2 kutoka kwenye spika, desibeli 75, unaona kawaida kabisa. Mtoto aliye nusu mita anapata 87. Saa zake 40 zimekatwa nusu mara nne, zimebaki saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Hiyo ni filamu moja ya Jumamosi na taarifa ya habari. Na sebule nyingi TV inawashwa asubuhi, inazimwa watu wakienda kulala.

Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinywele zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Haziumi zikifa, ndiyo maana mtoto anaweza kulala usingizi mzito pembeni ya spika na wewe ukasema "huyu kazoea". Usingizi wake si ushahidi kwamba masikio yako salama.

Kwa watoto wachanga waliolazwa, madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 1997 kelele wodini isizidi desibeli 45. Sisemi sebule yako iwe kimya kama wodi, maisha lazima yaendelee. Nataka tu uone tofauti kati ya 45 na 87.

Kuna jambo lingine la kimya. Mtoto anajifunza kuongea kwa kusikia sauti yako. Spika ikimpigia karibu siku nzima, maneno yako yanamfikia yamezama ndani ya kelele.

SEHEMU YA 5: SASA PIMENI SEBULE YENU

Chukueni futi ya fundi, au hata kamba. Fanyeni pamoja jioni moja.

1. Anzeni na vichwa kabla ya kuta. Mama anakaa wapi? Mtoto anachezea wapi? Mchana analazwa wapi? Wekeni mto kila mahali kichwa cha mtu kinapokuwa.

2. Spika za mbele: umbali kati ya kushoto na kulia ulingane na umbali kutoka kila moja hadi kwenye kochi. Pembetatu yenye pande sawa. Chumba kikiwa kidogo, zisogezeni karibu na TV, hakuna ubaya.

3. Ya katikati iwe chini au juu ya TV, ielekee masikio ya mliokaa. Ikiwa chini, iinueni mbele kidogo. Maneno yakisikika wazi, hakuna atakayetafuta rimoti.

4. Za nyuma: ziwe pembeni mwa kochi na nyuma kidogo, kama mikono yako ilivyoonyesha. Ziwe juu, kama sentimita 60 kupita masikio ya mtu mzima aliyekaa. Zifungwe ukutani kwa skrubu. Stendi nyembamba mtoto anayejifunza kusimama ataishika, na itamwangukia. Zisikaribie mto wowote mlioweka chini ya mita moja na nusu. Kochi likiwa limeegemea ukuta na nafasi hakuna, geuzeni spika itazame ukuta wa upande wa pili, isitazame sikio la mtu.

5. Chumba na sebule ni kimoja? Basi acheni zile mbili za nyuma kwenye boksi kwa sasa. Spika tatu za mbele zikikaa vizuri zinashinda tano zilizokaa vibaya. Mtoto akikua, mtazitoa.

6. Sabufa iwe chini, mbele, mbali na kitanda cha mtoto. Kwa kuwa sikio halijui besi inatoka wapi, hakuna hasara kuihamisha. Tundu lake lielekee ukuta kwa nafasi kidogo, maana vidole na vijiko vinapenda kuingia humo.

7. Nyaya zibanwe ukutani kwa vibanio, zisining'inie. Waya wowote uwe zaidi ya mita moja kutoka kitanda cha mtoto. Waya unaoning'inia unaweza kumnyonga.

8. Mwisho, jaribuni. Washeni filamu kwa sauti mliyoizoea, kisha mama lala pale mtoto anapolala, kichwa chako mahali pa kichwa chake. Programu ya simu ya kupima desibeli si sahihi sana, lakini itakuonyesha tofauti kati ya kochi lako na zulia lake. Mkiongea hapo na inabidi mpaze sauti ili msikilizane, punguzeni, au sogezeni spika.

Na kama mtoto hashtuki kwa kishindo, haitikii jina lake wakati umri umefika, amechelewa kuongea, au kila mara anaongeza sauti ya TV, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya aangaliwe masikio. Mara nyingine ni nta au maambukizi tu, yanatibika. Lakini ni lazima aonekane.

Ader, Blumlein, Haas na wale wa ITU wote walianza kwa kuuliza sikio liko wapi. Na sisi tuulize hivyo hivyo, tukianza na sikio dogo kuliko yote ndani ya nyumba.

Mtumie mama mwenzako ambaye Jumamosi hii anafungiwa sabufa mpya. Maswali andikeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Mfululizo ujao ni rimoti na betri zake ndogo za duara. Usikose hiyo.